Jumanne ya Wakio

"Leo hateremki mtu, nyanya. Leo ni Jumanne."

Wakio aliwatazama wanaume wanne waliosimama kando ya machela, mikono nyuma kama waombolezaji waliofika mapema. Juu ya machela mkaza mwanawe aliuma blanketi. Uchungu ulikuwa umeingia siku ya pili, na mkunga alikuwa ameshakata tamaa. Huko chini barabarani gari la kwenda hospitali ya Voi lilikuwa likingoja.

"Anayeteremka mlima Jumanne hapandi tena," mmoja alimkumbusha. "Si ni wewe uliyetufunza?"

Ni yeye. Miaka thelathini iliyopita, akiwa bibi harusi, alitumwa mtoni kila siku ya Mungu mpaka mgongo ukalia. Akasema kwao Chawia Jumanne ina nuksi. Alitaka siku moja tu ya kulala. Wiki iyo hiyo jirani akateremka, akavunjika mguu, na Jumanne ikaota meno.

"Niliwadanganya," alisema. "Nilikuwa nimechoka, basi. Hakuna nuksi yoyote."

Wakacheka kwa huruma. "Maskini, uchungu wa mkwe umempanda kichwani."

Wakio akatema mate viganjani, akainama, akainua miti ya mbele peke yake. Akapiga hatua moja, kisha ya pili, akihema. Ncha za nyuma zikachora mistari miwili mavumbini, zikipita katikati yao.

Mmoja akaacha kucheka.