Meno ya Gazeti

Sikuwa na cheti cha shule, maana kusoma nilijifunza darasa la jioni. Sikuwa na picha ya mdogo wangu, wala kaburi lake. Alizama na meli ya MV Bukoba na mwili haukuonekana. Katika magazeti yote ya msiba ule niliyokusanya, moja tu lilikuwa na jina lake. Hilo ndilo nililokuwa nalo.

Polikarp, tuliyesoma naye dawati moja katika darasa lile la jioni, aliliazima akalionyeshe kanisani. Alirudi analia. "Kaka, mchwa wamelila lote." Mimi ndiye niliyempa pole.

Leo nimekwenda kwake, mtaa wa Mfaranyaki, kumsomea barua niliyomwandikia Paroko, nikimsifu Polikarp ili apewe kazi ya kutunza maktaba ya parokia.

"Karibu chai, msomi wangu!" alisema, akafungua kabati.

Vikombe vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti. Ukingo wake ulikatwa meno meno kwa mkasi, ukaning'inia kama kitambaa cha altare. Kwenye jino moja niliona nusu ya jina la mdogo wangu.

"Shemeji yako alitaka kabati lipendeze," alisema, akitazama birika. "Si karatasi tu, kaka?"

Nililichana lile jino, nikaondoka. Chai sikuinywa.

Nyumbani sikufuta sifa hata moja katika barua ile. Paroko alishasikia kwamba gazeti langu liliisha kwa mchwa mikononi mwa Polikarp. Niliweka kile kipande ndani ya bahasha pamoja na barua, nikalamba gundi, nikamkabidhi bodaboda aifikishe parokiani.