Pamba ya Kutia Mdomoni

Mzee Luhaga aliuma ncha ya uzi kwa meno, akavuta ncha nyingine kwa mkono wa kushoto, na kwa kiganja cha kulia akausokota juu ya paja lake kavu. Kisha akageuka, akatema mate pembeni kwa hasira. Mate hayo yalimlenga jirani yake Nyanda, ambaye hata kufika alikuwa bado hajafika.

"Eti wanakuja kuoa kwangu," alijisemea. "Watu wa kukojolea pamba!"

Uzi huo ulikuwa wa yoyo yake, yoyo ya plastiki nyekundu. Aliinunua mnadani Bariadi, maana siku hizi za soko huria kila takataka inafika huko. Uzi wake wa kwanza, wa nailoni, ulikatika siku ya pili. Watu wa kijijini kwake Kasoli walimcheka, mzee mzima kucheza yoyo, lakini tangu chama cha ushirika kimwachishe kazi, mikono yake ilikuwa inamwasha kwa kukaa bure. Kwa miaka ishirini na mitatu mikono hiyo ilitenga pamba safi na pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili. Sasa aliitengenezea yoyo uzi: anachambua mbegu, anavuta pamba taratibu, anasokota, kisha anaukunja uzi katikati na kuuachia ujisokote wenyewe. Pale kwenye kikunjo kinabaki kitanzi cha kuivalisha yoyo.

Leo uzi ulikubali kuliko siku zote. Pamba aliichomoa kwenye gunia lililokwisha kushonwa tayari kwa mnunuzi, ingawa mkewe, Klementina, alimkataza.

"Liache hilo, baba Mektilda. Nitakuletea nyingine ya shambani."

"Ya shambani imebaki fifi tupu. Mimi na fifi wapi na wapi?"

Pamba ilikuwa na unyevu kidogo. Umande huo, alijiambia, wamechuma mapema mno. Afadhali hivyo, maana haikuhitaji kulowanishwa kwa mate. Pua yake ilikuwa imezibwa na mafua ya vumbi wiki nzima, hata ugoro alivuta bila kuusikia.

Kinyongo chake kwa Nyanda kilianza msimu uliopita. Kijiji kilimteua Luhaga kusimamia mizani ya mnunuzi binafsi, asije akawapunja. Gari moja la ng'ombe lilileta magunia ya nyumba mbili, ya kwake na ya jirani yake Nyanda. Karani wa mnunuzi akatumbukiza mkono katika gunia mojawapo, akautoa mbio, akaunusa. Mkojo wa kuongezea uzito wa gunia. Watu waliziba pua, wengine wakaondoka kabisa. Luhaga aliuliza mbele ya umati gunia lile ni la nani. Nyanda aliyatazama magunia, kisha akanyoosha mkono.

Tangu siku hiyo Luhaga hakuonja hata maji ya nyumba ile. Akipewa mkono na Nyanda kanisani, alitoka nje kwenda kunawa. Na sasa kijana wa mtu huyo, Boniventura, anamtaka binti yake Mektilda! Msichana alikuwa amelia mpaka macho yakavimba. Posa ilikwisha kukataliwa mara mbili. Leo ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Ikikataliwa, Boniventura atatafutiwa mke upande wa Maswa.

Nyanda aliingia uani na mshenga wake.

"Mwadila, Luhaga."

"Mwadila." Mkono hakutoa.

Mshenga alianza kuzungusha maneno, mara mvua, mara ng'ombe. Luhaga akamkata.

"Mwanangu hawezi kwenda kupika katika uchafu. Anayekojolea pamba atashindwa nini kukojolea chungu? Nikiwaza tu, nataka kutapika!"

"Mzee wangu, lilikuwa gunia moja," mshenga alisema kwa upole.

"Hata lingekuwa bonge moja! Pamba ya kwangu naweza kuitafuna!"

Akainuka, akachomoa bonge la pamba katika gunia lile lile la mnunuzi, akalisukumiza lote mdomoni. Akalitafuna mbele yao, mashavu yamemvimba, macho yamemtoka. Lilikuwa na chumvichumvi. Jasho la wachumaji, hakuwa na shaka.

"Hili ni jasho la haki!" alisema, maneno yakipita kwa shida katikati ya pamba. "Wewe, Nyanda, ya kwako unaweza kuitia mdomoni?"

Nyanda alilitazama gunia. Akamtazama Klementina, aliyesimama mlangoni ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Kisha akavaa kofia yake.

"Siwezi," alisema. "Umeshinda, Luhaga. Mtunze Mektilda."

Walipotoka, kilio cha Mektilda kilisikika kutoka chumbani. Luhaga hakukijali. Aliivalisha yoyo uzi mpya, akaiachia. Ikashuka mpaka karibu na vumbi, ikazunguka, ikarudi yenyewe kiganjani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, huku taya zikiendelea kutafuna.

"Umewaona? Wameondoka na uvundo wao," alimwambia mkewe. "Nimemwokoa mwanao, na wewe unalia!"

Klementina alijifuta machozi.

"Gunia la mwaka jana lilikuwa letu," alisema. "Nyanda alilikubali ili usiaibike mbele ya watu. Na hiyo iteme, baba Mektilda. Hilo gunia nalo nililikojolea jana."