Mkate Ulioazimwa

"Nirudishie mkate wangu, Somoe! Nilikuazima kwa ajili ya posa ya mwanao, sikukupa uolewe nao!"

"Shoga, punguza sauti, wapangaji wote wametoa vichwa madirishani."

"Na watoe!"

Mwantumu hakuwa anadai mkate wa kumimina wenyewe, alikuwa anadai ujuzi wa kuupika. Siku hizi mtu hasumbuki na darasa. Anagusanisha kipete cha sikio lake na cha anayejua, ujuzi unahama, na mwenyewe anabaki mtupu mpaka arudishiwe. Mtaa mzima waliazimana ushonaji, Kiarabu na hesabu za chuo kama wanavyoazimana mbuzi ya kukunia nazi. Na Mwantumu, tangu aazimishe, akitazama mchele na tui ni kama anatazama injini ya ndege.

"Nitakurudishia," Somoe alisema, sauti imeshuka. "Lakini kuna kitu kimekuja na mkate. Kila nikikoroga, bibi mmoja ananishika kiganja. Ana kovu kidoleni, na anaimba kwa pua. Nani yule?"

Aliyemfundisha Mwantumu mkate ule ni marehemu mama yake, hilo alilijua. Mikono yake ilikuwaje? Alitafuta kichwani, hakuona kitu. Kumbe mama yupo, mzima, jikoni kwa jirani!

"Anaimba nini?" akauliza polepole.

Nyumba nzima ilikuwa inanukia iliki.

"Mkate ndio kwanza umeiva," Somoe akasema, akiufungua mlango wote. "Ingia ule, nikuimbie."