Filamu ya Tunu

Siku hizi mahakama haimfungi mtu. Akiuawa mwanao, unaletewa filamu: mwanao anauawa, kisha anafufuka na panga kulipiza kisasi. Muuaji mwenyewe anakula zake chipsi mtaani.

Ilipoletwa filamu ya mtoto wao Tunu, Siwema alidhani mumewe angeitupa. Lo! Mzee mzima akaalika majirani, akakaanga na bisi. Damu ilikuwa tomato tupu, na Tunu wao alimkata muuaji shingo akicheka kicheko ambacho hakuwahi kuwa nacho.

“Rudisha, Baba Tunu!” majirani wakapiga kelele.

Mumewe akashika rimoti. “Wapi, anapomchinja?”

“Aa, hapo tumeshaona. Rudisha pale mwanzo, Tunu anapolia.”

Baba yake akarudisha.