Mluguru wa Dukani

Jua la Mwembesongo lilikuwa utosini, na Benedikto alikuwa dukani kwa Mwinjuma amejifunika blanketi zito la sufu.

"Jasho linanitiririka, mzee," alilalamika.

"Vumilia. Mgeta ni baridi. Mtu wa huko bila blanketi nani atamwamini?"

Benedikto hakuwahi kukanyaga Mgeta. Alikuwa Mnyasa, amekuja kwa miguu kutoka Nyasaland kukata mkonge, na sasa alitaka kumwoa Scholastika wa Kinole, kijiji cha Waluguru mlimani. Kikwazo kilikuwa baba mtu, mzee Andrea, aliyekwisha kufukuza wachumba kwa fimbo. "Binti yangu haolewi na mtu wa kuja," ndiyo ilikuwa kauli yake. Basi Scholastika akamdanganya kuwa mchumba ni Mluguru wa Mgeta, upande wa pili wa mlima, ambako wao hawana ndugu. Mzee akasema aje Jumapili, amwone.

Mwinjuma alimwongezea mundu wa kiunoni, kikapu cha mgongoni, kibuyu na ugoro. Benedikto alinusa ugoro, akapiga chafya mpaka kofia ikamvuka.

"Mluguru hapigi chafya kwa ugoro!" Mwinjuma alimkaripia. Kisha akalainika. "Usiogope, mwanangu. Hukuanza wewe. Nimewavisha wengi tangu zamani, na wametulia na wake zao."

Jumapili Benedikto alipanda mlima akihema ndani ya sufu. Kinole watoto walimdhania mchuuzi, wakamfuata wakiuliza bei ya kibuyu.

Mzee Andrea alikuwa barazani, juu ya kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe wa Mgeta?"

"Ndiye mimi, baba."

Kilichomtetemesha Benedikto zaidi kilikuwa Kiluguru, maana alijua salamu tu. Lakini mzee aliinua mkono. "Leo tutasema Kiswahili. Mambo ya posa hayataki lugha ya nyumbani."

Benedikto alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mzee alimzunguka. Akapima uzito wa mundu, akapapasa blanketi, akagonga kibuyu na kukisikiliza kinavyolia.

"Huyu ndiye Mluguru hasa," alimwambia bintiye. "Mgeni mimi humjua kwa kumtazama tu."

Scholastika alicheka kwa furaha, akaenda kuleta chakula. Alirudi na bakuli la maharage yaliyokuwa bado yanatokota. Kuku mmoja akakurupuka miguuni pake, bakuli likapinduka, mchuzi wote ukamwagika mapajani mwa Benedikto.

"Mayo ine!" aliruka akipiga ukelele. "Mayo, mayo ine!"

Kilikuwa Kinyanja kitupu, kilio cha Wanyasa wa kando ya ziwa, na hakuna Mluguru aliyewahi kulia hivyo tangu milima ile iumbwe. Scholastika alijifunika uso kwa kanga. Benedikto akainama kuokota kikapu chake aondoke kabla ya fimbo, machozi yakimlengalenga, na hayakuwa ya mchuzi.

Lakini mzee Andrea alikwisha kufika na mtungi, akimmwagia maji ya baridi mapajani.

"Pepani, mwana wanga, pepani," alimbembeleza, kwa Kinyanja kilichonyooka kuliko cha Benedikto mwenyewe.