Taa ya Kooni

Siku hizi haimbi mtu kanisani bila kipimo kooni. Moyo wako ukiwemo katika maneno, taa yake huwaka kijani. Usipokuwemo, huwaka nyekundu, na kipaza sauti hukatika.

Mimi ndiye mpiga mayowe wa bendi ya metali, ule muziki wa magitaa mazito na mngurumo, ya kanisa letu hapa Nakuru. Sijawahi kuwaka nyekundu. Nikinguruma "Shuka, Bwana!" watu huanguka wakilia, na mchungaji husema, "Tazameni imani ya Ndugu Zadoki!"

Jumapili hii nilisahau kukivua kipimo baada ya ibada. Mezani, mke wangu Kerubo aliniomba niombee chakula. Nikainamisha kichwa. "Asante, Baba, kwa wema wako."

Nyekundu.

Binti yetu Eunike ndiye aliyeiona kwanza. "Baba, piga kelele kama kanisani."

"Kula, mwanangu."

Lakini Kerubo alikuwa ameshaweka kijiko chini, akinitazama kooni. Nikafumba macho. Nikaiona ile wodi, na dripu ya kifungua mimba wetu ikizidi kudondoka wakati yeye ameshaacha kupumua. Huiona kila Jumapili, na kila Jumapili namwita Mungu ashuke anijibu kwa nini alimchukua. Nikanguruma, "Shuka, Bwana!" hadi vikombe vikatikisika. Kijani kikatapakaa mezani.

Kerubo akafuta machozi. "Afadhali. Niliogopa kwamba tangu tulipomzika mtoto, unamchukia Mungu."

Nikakivua kipimo upesi, nikakitia mfukoni.

"Hapana, Mama Eunike," nikamjibu. "Nampenda."