Noeli mu Jiko ya Mama

Tamar alitundika kibuyu ku musumari, kisha akageuka kuangalia uso ya mama muzee, aone kama yeye Tamar amekosea. Kibuyu ikabaki pale.

"Ni pale ilikuwaka?" mama akauliza.

"Pale pale, mama. Tangu wakati ya nyanya."

Uongo mutupu. Tamar hakumujua ule nyanya, na mu ile nyumba hakuzaliwa. Alikuwa mukimbizi tu, ametoka ng'ambo ya Beni kwa miguu, mutoto wake Christa ku mugongo anaungua na homa. Kijiji hii ya kando ya barabara ya Butembo ilikuwa karibu tupu. Benyewe balikimbia risasi, bengi balikuwa bado kurudi. Aliona moshi ku jiko moja, akapiga hodi. Mama muzee alikuwa ndani peke yake, macho yake haioni muzuri. Alisimama mbio.

"Ni weye, mutoto wa hapa?" akauliza.

Tamar alikuwa amelowa mupaka ku mifupa. "Ndiyo, mama. Ni miye."

Wee! Ile neno ilitoka yenyewe. Mama akamuachia kiti ya tabure, mama mwenyewe akaikala chini ku majani. Tamar akafikiri: upendo ya bamama ni vile.

Tangu ile siku aliogopa kitu moja tu: mama akitambua si mutoto wake, yeye na Christa batalala inje, na mutoto hajapona. Mengine haikumuuma tena. Bwana yake Phinées, shamba, nyumba ya kwabo yenye iliungua, alibifikiri byote na roho ikabaki kimya. Alijaribu kulia, machozi ikakataa. Mikono tu ndiyo ilikuwa inafanya kazi.

Noeli ilipokaribia, ni mama aliuliza. "Hapa tutapamba, ao hapana?"

Tamar akaona huu ni mutego. Mutoto gani anasahau Noeli ya kwabo? "Tutapamba, mama. Kama kila mwaka."

"Basi weye sema. Miye nitafanya."

Bakapaka ukuta ya udongo na pemba, ile chokaa ya udongo nyeupe, mupaka moshi ya miaka yote ikapotea chini. Bakakata matawi ya muti ya siprese, bakayafunga juu ya mulango. Kisha Tamar akafungua sanduku ya mbao yenye ilikuwa mu kona, akatosha inje bintu ya familia moja moja: sahani za bati zenye maua mekundu, rozari ya mbegu, mwiko ndefu yenye imevunjika upande moja, na napero, bile bitambaa nyeupe bya kushona na ndoano, bimekunjwa muzuri.

Juu ya kila kitu alisema hadisi. Hapana ya ile nyumba, atazijulia wapi? Alizitosha mu jiko ya mama yake mwenyewe, ile yenye moto ilikula.

"Hii napero nyanya aliishona wakati alikuwa na mimba ya baba yangu. Kila Noeli iliwekwaka chini ya mukate."

"Ni vile," mama akaitika.

"Na huu mwiko, shangazi aliuvunjia kakangu ku kichwa. Ndiyo maana iko hivi."

"Ni vile, mwana wangu. Ni vile."

Hakubisha hata mara moja. Ila aliposhika nyungu ya udongo, akapapasa mudomo yake na kidole, akasema: "Nilikuwaka na moja kama hii."

"Mama! Si ni hii hii?"

Mama akarudisha nyungu pale haraka. "Aa, kweli. Ni hii."

Maskini, vita imemula kichwa, Tamar akawaza. Haya ikamugusa, kisha ikaenda zake na yeye akaendelea kutandika napero ku rafu.

Mukesha ya Noeli, maharagi ilikuwa ku moto. Mama alisimama na chumvi mu mukono. "Nitie?" akauliza. Hata chumvi aliiomba ruhusa, na jiko ni yake!

"Tia, mama, tia."

Christa, homa imeshuka, alivuta napero moja, akajivika ku kichwa kama bibi arusi, akacheka. Kitu ikasonga Tamar mu kifua. Ilikuwa zamani hajasikia kitu vile. Akaomba Mungu pale pale: utuache hapa, Baba, hata mupaka Noeli ipite.

Inje pikipiki ikafika, ikazima moteur.

Mwanamuke mumoja akashuka, matelas ya kulalia ku kichwa, bwana yake nyuma na marmite mbili ya kupikia. Akafika mupaka mulangoni. Akaangalia ukuta nyeupe, akaangalia sahani zenye maua, napero, nyungu. Matelas ikaanguka chini.

"Jamani! Ni nani mu jiko yetu?"

Tamar akajua. Huyu ndiye mutoto wa kweli. Akamubeba Christa, akarudi nyuma ya mama. Sasa mama atasikia sauti ya damu yake, atageuka, atasema: na weye, uko nani? Akangojea ile neno.

Mukono ya mama ilikuwa inatafuta nyuma, mupaka ikapata kikwembe yenye Tamar alijifunga, ikaivuta kwa nguvu. Mudomo yake ikafika karibu na sikio.

"Mwana wangu," akanongona, "ni bandugu yako banarudi? Unihurumie, tafazali. Ubaambie miye ni mukimbizi tu, nilikuta nyumba haina mutu, nikalala tu. Sikuiba kitu."